Elimu ya Msingi ya Nishati: Somo Linalohitajika Vyuoni



Sisi tunaosoma falsafa hukutana mapema na neno la Kigiriki energeia. Aristotle alilitumia kueleza kitu kilicho katika utendaji, tofauti na dynamis, yaani uwezo ambao bado haujatenda. Mwaka 1807 Mwingereza Thomas Young alichapisha mihadhara yake ambamo neno hilo lilipewa maana ya kifizikia. Leo tunaweza kujibu mtihani juu ya energeia ya Aristotle, lakini tukiulizwa uniti moja ya LUKU ni nini, wengi tunanyamaza.

Ndiyo maana tunapendekeza kozi fupi ya elimu ya nishati kwa wanafunzi wote wa vyuo, si wa sayansi peke yao. Mwanafunzi wa leo ndiye paroko, mwalimu mkuu au mweka hazina wa kesho. Yeye ndiye atakayetia sahihi ununuzi wa jenereta, sola au majiko ya shule.

Kozi ianze na uniti yenyewe. Uniti moja ni wati 1,000 zinazotumika kwa saa moja. Wati ni kama kasi ya maji yanayotoka bombani. Uniti ni maji yaliyokwisha kuingia ndooni. Birika la umeme la wati 2,000 likichemsha kwa dakika 6 limekula uniti 0.2. Taa ya wati 10 itawaka saa 20 ndipo ifikie kiasi hicho. Basi anayegombeza watu kwa taa iliyosahaulika sebuleni, huku birika likichemsha maji ya kujaa kwa ajili ya kikombe kimoja, anabana mahali pasipovuja.

Hapa Aristotle anatusaidia kidogo. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji lina mashine 9 zenye jumla ya megawati 2,115. Huo ni uwezo, dynamis. Mashine zote zikizunguka usiku na mchana zingetoa uniti zaidi ya milioni 50 kwa siku, lakini umeme unaopatikana kweli hutegemea maji yaliyopo, mashine zinazofanya kazi na nyaya za kuusafirisha. Anayechanganya mambo haya mawili hawezi kuelewa kwa nini nchi yaweza kuwa na mitambo mikubwa na bado mtaa wake ukakaa gizani.

Kosa hilohilo huigharimu parokia. Tuseme kigango kimechangishana kikanunua paneli ya wati 100. Kwa saa 5 za jua kali, itatoa nusu uniti kwa siku, na kiasi fulani kitapotea njiani kabla ya kutumika. Vipaza sauti vya wati 200 kwa saa 2 vinachukua uniti 0.4. Imekwisha! Mtu akiongeza friji, betri itachoka mapema, na waamini watasema sola ni utapeli. Sola haina kosa hapo. Kilichokosekana ni hesabu ya dakika tano, na sadaka ya mjane imo katika hasara hiyo.

Sehemu ambayo tungetaka ichukue muda mrefu zaidi ni jikoni. Kuchemsha lita 10 za maji kutoka nyuzi 25 hadi 100 kunahitaji karibu uniti 0.9 za joto ndani ya sufuria. Kilo moja ya mkaa ina takriban uniti 8, lakini katika jiko la kawaida mara nyingi chini ya robo huingia chunguni. Tena kabla ya hapo, tanuri la udongo limekwisha kupoteza zaidi ya nusu ya nishati iliyokuwa ndani ya kuni. Mti umekatwa, mpishi amevuta moshi, na joto jingi limekwenda hewani. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wamehama ifikapo 2034. Lengo ni zuri, ila mama lishe anayenunua mkaa wa kopo kwa kopo hawezi kununua mtungi wa gesi kwa mtindo huo. Wanafunzi walijadili hilo pia, wasiishie kwenye fomula.

Papa Fransisko katika Laudato si' ya mwaka 2015 alitenga sura nzima, ya sita, kwa elimu na tasaufi ya ikolojia. Tunaisoma na kuinukuu sana katika mahubiri. Mizani ya jikoni tunaisahau.

Wapo watakaosema ratiba imejaa. Kweli imejaa. Lakini vipindi 8 vya jioni vinatosha, na kazi ya kwanza haihitaji maabara: wanafunzi wapime mkaa au kuni kabla na baada ya kupika chakula cha mchana, wasome mita ya umeme asubuhi na jioni kwa wiki moja, kisha wagawanye kwa idadi ya walaji. Mwalimu wa kipindi hicho cha kwanza awe mpishi wa chuo.