Kutangulia Balaa Kabla Haijafika

Tumezoea kuchanga baada ya msiba: nyumba ikishaanguka ndipo tupeleke mchele. Kumsaidia aliyepatwa ni wajibu. Lakini kumkinga mtu kabla hajapatwa ni bora zaidi, na hili ndilo somo letu.

Tutazame yaliyowafika wenzetu wa Mto Tana. Tangu mwisho wa mwaka 2020 misimu mitano ya mvua ilipita pasipo mvua ya kutosha, na katika Kenya nzima wakafa mifugo zaidi ya milioni 2. Oktoba 2022 kikazuka kipindupindu nchini. Kisha, mwishoni mwa 2023, ikaja mvua ya El Niño, na mto ukafurika. Maji hayo yaliwakuta watu wana njaa, hawana hata mbuzi wa kuuza. Nao wataalamu wa hali ya hewa wa Afrika ya Mashariki walikuwa wamekwisha kuonya tangu Agosti. Nafasi ya kujitayarisha ilikuwako.

Basi yatupasa tujue kuwa balaa haziji moja moja, na dawa ya moja yaweza kuwa sumu ya nyingine. Ukiwahamishia watu mahali pa juu, ukawasonganisha pasipo vyoo wala maji safi, umewaokoa na gharika ukawatia katika kipindupindu. Kwa hivyo vyoo na dawa ya maji vitangulie, kisha watu. Na fedha wapewe mapema, barabara zingali zapitika, wanunue chakula na kuhamisha mifugo iliyosalia.

Huenda mtu akauliza: Fedha zitoke wapi, nasi zaka hatutoi ila mwaka ukitimia? Jawabu: Katika madhehebu yetu ya Shafi yajuzu kutanguliza zaka ya fedha ya mwaka mmoja, maadamu mali imefikia nisabu. Mtume (s.a.w.) alimruhusu hayo ami yake Abbas. Lakini apewe anayestahiki sasa, na awe angali anastahiki mwaka utimiapo.

Na mvua isipokuja? Hapana hasara: aliyepewa ni fakiri, na chakula amekila. Nabii Yusuf hakungoja njaa iingie Misri ndipo aweke akiba.

Basi kila msikiti na uchague watu wa amana, waandike tangu leo majina ya wajane na mafakiri wa mabondeni, ili siku itokapo habari ya mvua, fedha zitoke siku ile ile.