Programu za ofisi bila ada ya leseni: kuziweka, kuzitumia na kuziondoa katika Linux

Kati ya gharama za ofisi ambazo mfanyabiashara mdogo husahau kuzipangia bajeti ni leseni za programu za kompyuta. Leseni nyingi siku hizi hulipwa kila mwaka, na bei yake hupangwa kwa dola. Shilingi ikiteremka, gharama hupanda hata kama hukununua kitu kipya. Wengine hukimbilia nakala za wizi. Hilo ni kosa chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, na mara nyingi nakala hizo huja na virusi.

Ipo njia ya tatu: mfumo wa Linux pamoja na programu huria za ofisi. Iliyoenea zaidi ni LibreOffice. Asili yake ni StarOffice ya Ujerumani, ambayo kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani iliinunua mwaka 1999 na kuiachia umma mwaka 2000 kwa jina la OpenOffice.org. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuitafsiri kwa Kiswahili, ikaitwa Jambo OpenOffice. Oracle ilipoinunua Sun mwaka 2010, sehemu kubwa ya watengenezaji walijitenga na kuanzisha LibreOffice.

Kuiweka

Katika Ubuntu, fungua dirisha la amri na uandike:

sudo apt update
sudo apt install libreoffice

Utaulizwa nywila ya msimamizi wa kompyuta. Ongeza pia fonti:

sudo apt install fonts-crosextra-carlito fonts-crosextra-caladea

Hatua hii wengi huiruka, kisha hulalamika kuwa ankara zimepanuka hadi ukurasa wa pili. Fonti za Carlito na Caladea zina vipimo sawa na Calibri na Cambria, hivyo mistari hubaki mahali pake.

Kuitumia

Writer ni ya barua na mikataba, Calc ni ya hesabu, na Impress ni ya maonyesho. Kanuni za kawaida kama SUM na VLOOKUP hufanya kazi katika Calc kama katika Excel.

Tahadhari ni mbili. Ya kwanza ni aina ya faili. LibreOffice huhifadhi kwa odt na ods, aina zilizotambuliwa kimataifa mwaka 2006 kwa namba ISO/IEC 26300. Benki au mteja wako akitaka docx au xlsx, chagua aina hiyo unapohifadhi. Waraka usiotakiwa kubadilishwa, kama ankara au nukuu ya bei, upeleke kwa PDF.

Ya pili ni makro. Daftari la mishahara lenye makro za Excel huenda lisifanye kazi lote. Lifungue, piga hesabu ya mwezi uliokwisha kulipwa, kisha linganisha jumla, makato na malipo ya kila mfanyakazi. Tofauti ikijitokeza, usilitumie daftari hilo mpaka lirekebishwe.

Ofisi inayobadilishana docx kutwa nzima inaweza kujaribu ONLYOFFICE, ambayo hutumia docx na xlsx kama aina zake za msingi:

sudo snap install onlyoffice-desktopeditors

Programu hizi mbili zinaweza kukaa pamoja katika kompyuta moja.

Kuiondoa

Usiondoe kitu kabla ya kuweka nakala za faili zako kwenye diski ya nje. Kisha:

sudo apt purge 'libreoffice*'
sudo apt autoremove

Kompyuta itaorodhesha vitakavyoondolewa. Soma orodha kabla ya kukubali. Nyaraka zako hazifutwi. Mipangilio yako binafsi nayo hubaki katika folda ya .config/libreoffice, na ukitaka kuanza upya kabisa uifute kwa mkono. Kwa ONLYOFFICE amri ni sudo snap remove onlyoffice-desktopeditors.

Hesabu ya faida

Kutokuwa na leseni ya kulipia si sawa na kutokuwa na gharama. Jiji la Munich liliamua kuhamia Linux mwaka 2003, likahamisha karibu kompyuta 15,000 kufikia 2013, na mwaka 2017 baraza lake likapiga kura kurudi Windows. Kwa upande mwingine, jimbo la Schleswig-Holstein la nchi hiyohiyo lilitangaza mwaka 2024 kuhamishia kompyuta 30,000 kwenye LibreOffice. Chombo ni kilekile, na kila mnunuzi amepiga hesabu yake.

Tuchukue kampuni yenye kompyuta tano. Upande mmoja wa karatasi iandike ada ya leseni kwa miaka mitatu. Upande wa pili iandike malipo ya fundi, siku za mafunzo, na muda wa kurekebisha madaftari. Ianze na kompyuta moja ya karani wa barua na kumwacha mhasibu wa mwisho, wala isihame katika mwezi wa kufunga hesabu. Baada ya miezi miwili karatasi hiyo itakuwa na tarakimu za kweli, na mwenye mali ataamua kwa hesabu badala ya kusikiliza sifa za wauzaji.