Vitenge vya sandukuni: nianze na kipi?

Swali: Sanduku langu limejaa vitenge na doti za khanga nilizotunzwa harusini. Najua kushona mstari ulionyooka tu. Nianze na kipi? – Mama wa watoto wawili, Morogoro

Jibu: Anza na kitenge, mama, khanga ni nyepesi, huhamahama chini ya mkasi. Kifue kwanza, kianike, kipige pasi, maana pamba hurudi. Kisha kiinue kwenye mwanga wa dirisha. Kitambaa kilichokaa miaka huchoka penye mikunjo: vuta hapo kwa vidole, na kikianza kuachia nyuzi, kata pembeni yake. Yadi mbili zinatosha sketi ya mpira kiunoni, mishono yote imenyooka.

Khanga ipange kabla ya kukata: pindo liwe chini ya gauni, jina lisomeke zima. Likikatwa katikati, maneno hugeuka kichekesho, wakati mwingine matusi! Kimo cha kipande ni takriban sentimita 110 tu, hivyo tarajia gauni la kupita magoti kidogo, si dera la kuburuta.

Na kama humo sandukuni kuna kitenge cha bei, usikiguse mpaka ujue kuweka zipu.