Kusaka Riwaya za Chapa ya Kwanza Ukiwa Likizo Uingereza

Kama una likizo Uingereza na unapenda vitabu, tenga siku ya kumtafuta Abdulrazak Gurnah kwenye maduka ya vitabu vilivyotumika. Mwana huyo wa Unguja alitoa Memory of Departure mwaka 1987 kupitia Jonathan Cape, na Paradise mwaka 1994 kupitia Hamish Hamilton, miaka mingi kabla ya Tuzo ya Nobel ya 2021. Chapa za kwanza za riwaya hizo sasa zinasakwa, nami ningefurahi zikisakwa zaidi na watu wa pwani yake.

Anzia Hay-on-Wye, mji mdogo wa Wales mpakani na England, uliojaa maduka ya vitabu tangu Richard Booth alipofungua la kwake miaka ya 1960. Treni haifiki huko. Shuka Hereford upande basi. Mwishoni mwa Mei kuna tamasha kubwa la vitabu, na vyumba vya kulala huwa adimu.

Usiridhike na rafu ya riwaya, herufi G. Vitabu vya waandishi wetu wakati mwingine hupangwa rafu ya Afrika, vikichanganywa na historia na habari za safari. Mweleze muuzaji unachotafuta. Huenda kipo stoo.

Ukikipata, kabla ya kuuliza bei fungua nyuma ya ukurasa wa jina, penye taarifa za uchapaji. Tafuta maneno “First published” na mwaka ambao riwaya ilitoka, pasipo chapa nyingine kutajwa chini yake. Vitabu vingi vya miaka ya karibuni vina pia mstari wa tarakimu, kama 1 3 5 7 9 10 8 6 4 2. Tarakimu ndogo kuliko zote iliyobaki ndiyo namba ya chapa: 1 ikiwa imeondolewa na 2 ipo, hiyo ni chapa ya pili.

Namba nyingine hupotosha. Things Fall Apart ya Chinua Achebe ilitoka kwa jalada gumu mwaka 1958. Ile yenye namba 1 katika mfululizo wa African Writers Series ni ya 1962. Ni kitabu cha kutunzwa, ila si chapa ya kwanza ya riwaya hiyo.

Kisha kagua karatasi inayovikwa juu ya jalada gumu. Kwa riwaya za karne ya 20, sehemu kubwa ya thamani imo humo, na kitabu kilichopoteza karatasi yake huporomoka bei. Tazama ukunjo wake wa ndani: kona yenye bei ikiwa imekatwa, thamani hupungua. Mihuri ya maktaba hushusha bei zaidi. Kwa anayetaka kusoma tu, hicho cha maktaba ndicho cha kununua, kwani hadithi ni ile ile.

Ukichukua vitabu kadhaa, omba upunguziwe, kwa upole na mara moja.

Safarini kitabu chako kibebe kwenye mkoba wa mkononi. Ukifika Dar es Salaam au Mombasa, kilinde na unyevu na mchwa: kisimamishe kwenye rafu isiyogusa ukuta, mbali na jua, na usikifungie ndani ya nailoni, maana ukungu huanzia humo.