Hodi, Karibu na Foleni: Istilahi za Kufundishia Upokeaji wa Miunganisho katika Mifumo Endeshi

Makala haya yanachunguza namna mfumo endeshi wa kompyuta unavyowapanga wateja wanaowasili kwa wingi kupitia mtandao, na yanadai kwamba neno "foleni" pekee halitoshi kulieleza jambo hilo kwa Kiswahili. Neno hili limetoholewa kutokana na amri ya Kiingereza iliyowaita askari kujipanga mstarini. Hivyo hubeba picha ya mstari mmoja, ilhali katika kompyuta mistari ni miwili.

Mwanafunzi wa Fort Ternan, katika kaunti ya Kericho, anayetuma maombi ya mkopo wa chuo usiku wa siku ya mwisho huanza kwa pakiti moja ndogo. Kwa mujibu wa itifaki ya TCP, iliyosanifishwa mwaka 1981, pakiti hiyo ni hodi. Seva hujibu "karibu", kisha simu ya mwanafunzi huthibitisha kwamba imesikia. Hatua hizo tatu hutekelezwa na kiini cha mfumo endeshi. Programu ya maombi yenyewe haijui lolote bado.

Aliyebisha hodi ambaye hajathibitisha huwekwa katika foleni ya kwanza. Linux, kwa mipangilio yake ya kawaida, hurudia "karibu" hadi mara 5, na baada ya takriban dakika moja humfuta. Aliyethibitisha huhamia foleni ya pili, akisubiri programu imchukue. Mkulima wa chai hahitaji kufafanuliwa sana hapa: anayefika langoni mwa kituo cha kununulia majani si sawa na ambaye kikapu chake kimekwisha kukaguliwa na kinangoja mizani. Karani wa mizani ndiye programu.

Tofauti hii ina uzito. Foleni ya pili ikijaa, Linux kwa kawaida haimfukuzi mgeni. Hupuuza tu uthibitisho wake. Mwanafunzi tayari amesikia "karibu", kwa hivyo simu yake huamini kwamba imeunganishwa, hutuma data, hungoja, hutuma tena. Saa sita za usiku zinapita. Mwalimu anayesema "foleni imejaa" hajaeleza chochote, kwa kuwa tiba za foleni hizo mbili hazifanani. Kikomo cha wanaosubiri kilikuwa 5 katika BSD 4.2 ya mwaka 1983. Katika Linux kikomo cha kawaida cha foleni ya pili kilikuwa 128 hadi toleo la 5.4 la mwaka 2019 lilipokifikisha 4096. Lakini karani mzembe hatibiwi kwa kurefusha ukumbi wa kungojea.

Foleni ya kwanza ina adui wake: anayebisha hodi maelfu kwa maelfu bila nia ya kuingia. Mwezi Septemba 1996 kampuni ya Panix ya New York ilizibwa kwa njia hiyo. Mwaka uo huo Daniel J. Bernstein alibuni dawa: seva isiandike jina la mgeni popote, bali ifiche alama ndani ya namba ya jibu lake. Mgeni wa kweli hurudi na alama hiyo, nayo hukaguliwa.

Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulishughulikia maneno yanayoonekana kwenye kioo. Maneno ya ndani ya kiini yangali machache. Makala haya yanapendekeza "foleni ya hodi" na "foleni ya waliokaribishwa". "Foleni ya baraza" ingevutia zaidi masikio ya mwambao, ambako mgeni huketishwa barazani; lakini msomaji wa Fort Ternan akisikia baraza humfikiria chifu na mkutano wake. Ama alama ya Bernstein, haifai kuitwa "kidakuzi" kwa kufuata jina lake la Kiingereza, kwani neno hilo limekwisha kuzoeleka kwa faili za kivinjari. "Cheti cha hodi" kinaeleza kazi yake: hutolewa mlangoni, na hubebwa na mgeni mwenyewe.