Vishikio Vimejificha Wapi?

Swali: Napaka rangi upya injini ya treni ya Microsoft Train Simulator. Bodi imekamilika, ila vishikio vya mlangoni vimebaki na rangi ya zamani na sivioni kwenye picha. Viko wapi?

Jibu: Usihangaike kuvitafuta kwa macho. Weka nakala ya faili la picha hiyo (.ace), kisha ifunike picha yote kwa miraba, kila mmoja na rangi yake. Fungua mchezo, sogeza kamera mlangoni. Kishikio kikitokea cha waridi, ugawe mraba wa waridi vipande vidogo, urudie. Mara nyingi ni mstari wa pikseli chache tu pembeni, na huenda ngazi nazo zinautumia huohuo: ukiupaka njano, vyote vitakuwa njano. Kisipobadilika kabisa, kinasoma faili jingine.