MAANA ZA NENO "DUTY": WAJIBU, ZAMU NA USHURU

Katika somo hili twatazama neno moja la Kiingereza ambalo mkulima hukutana nalo mara kwa mara katika fomu, risiti na mbao za matangazo. Neno lenyewe ni "duty". Ni neno fupi, nalo husikika sana Busia na Malaba, ambako watu wengi hulitamka "diuti" na kulichanganya na Kiswahili kana kwamba ni letu tangu zamani. Lakini lina maana tatu zilizo mbali mbali, na mtu asiyezitenganisha aweza kupoteza fedha zake, au kukaa mpakani mchana kutwa na mzigo wake juani.

Kwanza tuangalie asili yake. Waingereza walilipata neno hili katika Kifaransa kilichosemwa Uingereza zamani, na shina lake ni "due", maana yake "kinachodaiwa". Ukishika hilo, maana zote tatu zitakuwa rahisi kwako. Kinachodaiwa kikiwa ni tendo, Kiswahili husema wajibu. Kikiwa ni saa zako za kuwa kazini, husema zamu. Kikiwa ni fedha za Serikali, husema ushuru. Mwingereza hutumia neno moja mahali ambapo sisi tuna maneno matatu. Basi, kila usikiapo "duty", kazi yako ya kwanza ni kujiuliza: ni duty gani hii?

1. DUTY YA WAJIBU

Hii ni kazi ambayo mtu hana budi kuifanya, hata asiposimamiwa. Mzazi ana duty ya kumsomesha mtoto. Mwenye ng'ombe ana duty ya kuwapeleka kuchanjwa. Wakulima waliopata mashamba katika mpango wa ekari milioni moja ulioanza mwaka 1962, kama wale wa Lugari, Ndalu na Tongaren, walijua maana hii vizuri sana. Walipewa ardhi kwa mkopo, na kuurudisha mkopo huo kulikuwa wajibu wao kabla ya kupata hati ya shamba.

Ukisoma katika barua maneno "it is your duty", usidhani unatakiwa kulipa fedha mara moja. Maana yake ni "ni wajibu wako". Soma maneno yanayofuata ndipo utajua ni wajibu wa kulipa, wa kuandika, au wa kufika ofisini.

2. DUTY YA ZAMU

Kila aliyepita shuleni anamkumbuka mwalimu wa zamu, yule wa kupiga kengele na kuhesabu waliochelewa. Kwa Kiingereza mwalimu huyo yuko "on duty", yaani yuko zamu. Akimaliza zamu yake, yuko "off duty". Muuguzi, askari na ofisa wa forodha husema vivyo hivyo. Vituo vya Busia na Malaba hufanya kazi saa 24, kwa hiyo maofisa hupokezana. Ukiambiwa "ofisa wako yuko off duty", usirudi nyumbani. Uliza ni nani aliyepokea zamu.

Tena kumbuka: mtu aliye "off duty" hakai dirishani kupokea fedha za Serikali. Akikufuata barabarani akikudai ushuru, mwelekeze mrudi wote ofisini.

Kuna pia usemi "heavy duty", ambao huonekana kwenye pampu za maji, betri na maturubai. Hauhusu ushuru hata kidogo. Maana yake ni kwamba kitu hicho kimetengenezwa kwa kazi nzito.

3. DUTY YA USHURU

Hapa ndipo fedha zilipo, nasi tutakaa zaidi. Neno letu "ushuru" lilitoka katika Kiarabu, na shina lake lina maana ya sehemu ya kumi. Siku hizi si lazima iwe sehemu ya kumi. Kila namna ya ushuru ina kiwango chake. Mkulima yafaa azijue namna tatu.

"Stamp duty" ni ushuru wa stempu, ambao mnunuzi hulipa ardhi inapobadilishwa jina. Nchini Kenya ni asilimia 2 ya thamani kwa ardhi iliyo nje ya manispaa, na asilimia 4 kwa iliyo ndani. Shamba lililothaminiwa shilingi 800,000 hulipiwa shilingi 16,000 likiwa shambani, lakini ploti ya thamani hiyo hiyo mjini hulipiwa shilingi 32,000. Mwenye kununua na aziweke fedha hizi kando mapema, asije akamaliza akiba yake yote kwa muuzaji.

"Excise duty" ni ushuru wa bidhaa fulani kama bia, sigara na mafuta ya petroli. Huwa umekwisha kuingizwa katika bei, ndiyo maana wengi hawauoni.

"Customs duty" ni ushuru wa forodha, unaotozwa mali iingiayo nchini kutoka nchi nyingine. Huu ndio unaotajwa sana Busia na Malaba, na ndio uliozaa neno linalowakosesha watu wengi: "duty-free".

"DUTY-FREE" SI KUPITA BURE

Kenya, Uganda na Tanzania zilianza Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki tarehe 1 Januari 2005, na kufika mwaka 2010 ushuru wa forodha baina yao ulikuwa umeondolewa kwa mali iliyotokana na nchi wanachama. Mali kama hiyo huitwa "duty-free", yaani haitozwi ushuru wa forodha. Tofauti yake na mali ya mbali ni kubwa. Kiwango cha kawaida cha Jumuiya kwa mahindi yatokayo nje yake ni asilimia 50. Mahindi ya shilingi 100,000 yangedaiwa ushuru wa shilingi 50,000, na mahindi yaliyolimwa Uganda hayadaiwi hata senti moja ya ushuru huo.

Lakini ofisa atajuaje kwamba yamelimwa Uganda? Kwa hati. Kwa mfanyabiashara mdogo mwenye mali isiyozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, iliyo katika orodha iliyokubaliwa, kuna hati rahisi ya asili ya bidhaa. Hutolewa na forodha ya nchi mali inakotoka, na mwenye mzigo hahitaji kumwajiri wakala wa forodha ili kuipata.

Tena, neno "free" hapa limeondoa ushuru tu, halikuondoa wajibu. Sikilizeni mazungumzo haya tuliyoyatunga kwa ajili ya somo, ya mama mkulima mwenye magunia manne ya maharagwe kutoka Uganda:

"Habari ya asubuhi, mama. Maharagwe haya ni duty-free."

"Asante, mwanangu. Basi nipakie kwenye gari niende?"

"Bado, mama. Nionyeshe kwanza hati ya asili na cheti cha afya ya mimea."

"Si umesema ni bure?"

"Nimesema hakuna ushuru wa forodha, mama. Watu wa KEPHIS ni lazima wahakikishe kwamba hakuna wadudu wala ugonjwa."

Mama huyu hakudanganywa. Neno moja lilibeba maana mbili, na yeye akasikia moja.

Jambo hili lilionekana wazi mwezi Machi mwaka 2021. Tarehe 5 Mwezi huo Kenya ilisimamisha kuingizwa kwa mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu za kuvu, ikiwamo aflatoksini. Mahindi hayo yalikuwa "duty-free" kama kawaida, na hakuna aliyekuwa amerudisha ushuru. Hata hivyo malori ya mahindi yalikwama mpakani. Tarehe 10 Machi zuio liliondolewa kwa masharti: waingizaji waandikishwe, mzigo uwe na cheti cha asili, na uwe na cheti cha kuthibitisha kwamba aflatoksini haizidi sehemu 10 katika bilioni moja. Aliyekausha mahindi yake vizuri na kuyahifadhi mahali pasipo unyevu alikuwa na sababu ndogo zaidi ya kuogopa kipimo hicho. Aliyetegemea neno "free" peke yake alibaki na mzigo.

MAMBO YA KUSHIKA MPAKANI

Siku hizi Busia na Malaba zina vituo vya pamoja. Maofisa wa Kenya na wa Uganda hukaa jengo moja, na msafiri hushughulikiwa upande ule anaoingia. Kwa hiyo aletaye mali kutoka Uganda humaliza mambo ya nchi zote mbili upande wa Kenya. Fika kituoni mwenyewe, usipite njia za panya. Akipatikana mtu akikuambia "leta duty", muulize bila hasira maswali matatu: Ni duty gani? Ni kiasi gani kwa mia? Risiti yake hutolewa dirisha lipi? Ofisa wa kweli atakujibu mara moja. Asiye wa kweli atakuambia una haraka gani, au ataondoka.

ZOEZI

Someni sentensi hizi pamoja na watoto wenu, kisha mseme kila "duty" ni ya wajibu, ya zamu au ya ushuru.

1. Daktari wa mifugo yuko on duty mpaka saa kumi jioni.
2. Kuzuia mmomonyoko wa udongo ni duty ya kila mwenye shamba.
3. Mnunuzi wa ploti ya Malaba hajalipa stamp duty.
4. Nyanya hizi za Uganda ni duty-free, lakini ni duty yako kuonyesha cheti.

Majibu: Ya kwanza ni zamu. Ya pili ni wajibu. Ya tatu ni ushuru. Ya nne ina mbili: ya kwanza ni ushuru, ya pili ni wajibu. Aliyepata hiyo ya nne bila kusaidiwa amelielewa somo, na anaweza kwenda na mzigo wake mpakani bila wasiwasi.